Kiti cha Kushoto: Rubani wa Ndege za Abiria na Anga la Katavi

Kazi ya rubani wa ndege za abiria, ambayo watu wengi huifikiria kama ufundi wa kushika usukani na kuipandisha mashine nzito angani, ni kazi ya kuamua, na sehemu kubwa ya maamuzi yake hukamilika kabla injini hazijawashwa. Jambo hili hudhihirika zaidi katika viwanja vya mikoani kuliko katika viwanja vikubwa vya kimataifa, kwa sababu kadiri kiwanja kinavyokuwa mbali na vingine na kadiri vyombo vya kumwongoza rubani vinavyopungua, ndivyo mzigo wa uamuzi unavyomwelemea mtu mmoja, yule aketiye katika kiti cha kushoto cha chumba cha marubani. Kiwanja cha ndege cha Mpanda, mji ulio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, kinafaa sana kwa uchunguzi wa kazi hiyo, hata kama wasafiri wanaokitumia hukumbuka zaidi vumbi la nje ya uzio na joto la mwezi wa Oktoba.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na historia ya usafiri wake ni historia ya umbali. Tawi la reli linalochepuka Kaliua na kuishia Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi kutoka machimbo ya Mukwamba, na machimbo hayo yalipofungwa reli ilibaki kuwa tegemeo la wakulima, wafanyabiashara na wanafunzi, hasa nyakati za masika ambapo barabara za udongo zilikuwa hazipitiki. Lami imefika baadaye sana. Kwa mstari ulionyooka Mpanda iko takriban kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, safari ambayo kwa treni huchukua zaidi ya siku nzima, ilhali ndege aina ya Q400 ya Kampuni ya Ndege Tanzania, yenye viti 76 na injini mbili zinazozungusha rafadha, yaani yale mapanga ya mbele yanayoivuta ndege, huweza kuimaliza chini ya saa mbili ikienda moja kwa moja. Pengo hilo kati ya saa mbili na siku nzima ndilo linalofanya tangazo la kuahirishwa kwa safari liwe habari nzito Mpanda, na ndilo linalomfanya rubani aliyeahirisha aonekane na baadhi ya abiria kuwa mtu mwoga au asiyejali.

Sheria inamtazama kwa namna nyingine. Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Anga, uliotiwa saini mjini Chicago tarehe 7 Desemba 1944 na ambao ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, una viambatisho vinavyoeleza kwa kina wajibu wa kila mhusika, na Kiambatisho cha Pili, kinachohusu kanuni za anga, humtaja mtu mmoja kuwa rubani kiongozi. Huyu ndiye anayewajibika kuhakikisha kwamba ndege inaendeshwa kwa kufuata kanuni, awe ameshika usukani kwa mikono yake au amemwachia mwenzake, na ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya ndege muda wote anapokuwa kiongozi wake. Kiambatisho hicho hakikuishia hapo, kwani kinamruhusu rubani kiongozi kuacha kufuata kanuni zenyewe pale usalama unapolazimu kabisa kufanya hivyo. Ni nadra sana sheria kumpa mtu wa kazi ruhusa ya kuivunja, na ruhusa hiyo haikutolewa kama heshima. Imetolewa kwa sababu walioandika kanuni walitambua kwamba hakuna ofisi, hata iwe na wataalamu wangapi, inayoweza kuliona wingu lililo mbele ya kioo cha rubani. Kwa mantiki hiyo abiria mwenye cheo, mkurugenzi wa kampuni au mwenye ndege yake mwenyewe hana mamlaka ya kumwamuru rubani kiongozi atue mahali ambapo yeye ameona hapafai. Nchini, usimamizi wa kanuni hizi, pamoja na utoaji wa leseni, uko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA.

Mamlaka hayo makubwa yameambatanishwa na wajibu wa kujiandaa. Kabla ya safari rubani kiongozi anatakiwa kujua kila habari inayohusu safari yake, na kwa safari inayotoka nje ya mazingira ya kiwanja alipo, anatakiwa kusoma taarifa za hali ya hewa, kukokotoa mafuta, na kuwa na mpango mbadala endapo safari haitakamilika kama ilivyokusudiwa. Maneno haya matatu, hewa, mafuta na mbadala, yakihamishiwa Mpanda hupata sura yake halisi. Mvua za Katavi ni za msimu mmoja, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili, na katika kipindi hicho mawingu makubwa ya radi hujijenga mchana juu ya misitu ya miombo. Wingu la aina hiyo lina mikondo ya hewa ipandayo na ishukayo kwa nguvu kiasi kwamba marubani hulizunguka kwa umbali mkubwa badala ya kulipenya, na rada iliyo kwenye pua ya ndege huwasaidia kuona mahali mvua ilipo nzito. Kiangazi nacho kina adha yake, kwani mioto ya misitu na ya mashamba hujaza anga moshi unaofifisha mwono wa mbali, na rubani anayeitafuta barabara ya kutua kutoka juu anaweza kujikuta akiiona chini yake moja kwa moja ilhali kwa pembeni haionekani.

Mafuta hukokotolewa kwa tabaka. Kuna mafuta ya kutembea uwanjani kabla ya kuruka, mafuta ya safari yenyewe, nyongeza kwa ajili ya yasiyotarajiwa kama upepo mkali wa mbele, mafuta ya kufika kiwanja mbadala, na chini ya yote hayo kuna akiba ya mwisho isiyotakiwa kuguswa, ambayo kwa ndege za injini za tabaini ni ya kuzunguka dakika 30 katika kimo cha futi 1,500, sawa na mita 450 hivi, juu ya kiwanja. Kwa ndege iendayo Dar es Salaam au Zanzibar suala la kiwanja mbadala si gumu, kwa kuwa visiwa na bara vimekaribiana na kila upande una barabara ndefu ya kutua. Kwa Mpanda, viwanja vya Tabora na Kigoma viko zaidi ya kilomita 200 kila kimoja, na Songwe, kilicho karibu na Mbeya, ni mbali zaidi. Wingu la radi likiufunika mji wa Mpanda, mara nyingi halikuja peke yake. Huenda Kigoma nako kumefunga, na hapo rubani anayekaribia Mpanda hupaswa kujua, kwa tarakimu na si kwa kubahatisha, ni dakika gani ambayo ikipita akiendelea kusubiri angani atakuwa ameifunga njia ya kwenda kwingine. Dakika hiyo huandikwa katika mpango wa safari kabla ya kuondoka. Uamuzi wa kugeuza unaotangazwa na sauti tulivu kutoka chumba cha marubani, kwa hiyo, mara nyingi ulikwisha kufanywa mezani saa kadhaa zilizopita, na kilichobaki angani kilikuwa ni kuutambua wakati wake.

Kisha kuna suala la uzito, ambalo huwaudhi abiria kuliko mengine yote. Injini na mabawa hutegemea uzito wa hewa yenyewe, na hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda juu na kadiri joto linavyozidi. Mpanda iko kwenye uwanda wa juu, kama futi 3,500 kutoka usawa wa bahari, ambako kwa vipimo vya kawaida vya kimataifa joto lingetarajiwa kuwa nyuzi 8 hivi za Selsiasi. Likifika nyuzi 32 alasiri, hewa huwa nyepesi kana kwamba kiwanja kimepandishwa hadi futi 6,400, karibu mita 1,950. Marubani hukiita kipimo hicho kimo cha msongamano wa hewa, na athari yake ni kwamba ndege huhitaji barabara ndefu zaidi ili kuruka na hupaa polepole zaidi baada ya kuruka. Jibu la rubani ni kupunguza uzito, ama kwa kuacha mizigo, ama kwa kuacha viti vitupu, ama kwa kuondoka asubuhi hewa ikiwa bado imetulia. Begi lililoachwa nyuma limehesabiwa, ingawa mwenye begi hapewi hesabu hiyo.

Ndani ya mizigo hiyo kuna vitu vinavyomhusu rubani kwa sababu nyingine. Katavi ni mkoa wa asali na wa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na ingawa dumu la asali lisilofungwa vizuri huleta kero tu, chupa ndogo ya zebaki inayotumiwa na wachimbaji kunasia dhahabu ni hatari ya aina yake, kwa kuwa zebaki hula alumini, na alumini ndiyo nyama ya mwili wa ndege. Ndiyo maana zebaki imo katika orodha ya bidhaa hatari zisizobebwa kiholela, na ndiyo maana rubani kiongozi hupewa taarifa ya maandishi kuhusu shehena yoyote ya hatari iliyopakiwa kwa kibali.

Katika ndege kama Q400 marubani ni wawili, na wote wawili wana sifa za kuirusha. Wa kushoto ni kapteni, wa kulia ni rubani msaidizi, na jina hili la pili linapotosha kidogo, kwa sababu kwa kawaida hupokezana: mmoja huirusha ndege katika safari ya kwenda na mwingine katika safari ya kurudi, huku asiyerusha akishughulikia redio, kusoma orodha za ukaguzi na kumchunga mwenzake. Chini ya futi 10,000, yaani katika dakika za kupaa na za kushuka, mazungumzo yasiyohusu safari hukatazwa chumbani humo, na wahudumu hawabishi hodi bila sababu ya maana. Wakati wa kuruka kuna mwendo mmoja uliokokotolewa kwa uzito na joto la siku ile; hadi kufikia mwendo huo hitilafu kubwa ya injini humaanisha kufunga breki na kusimama, na baada ya kuupita ndege lazima iruke hata kwa injini moja, kwa sababu barabara iliyosalia haitoshi kusimamia. Hakuna mjadala katika sekunde hizo. Mjadala ulikwisha fanyika kabla, pale marubani wawili waliposimuliana kwa sauti nani atafanya nini.

Uhusiano kati ya viti hivi viwili umegharimu maisha mengi kabla ya kueleweka. Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Tenerife kwenye visiwa vya Canary, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana barabarani katika ukungu, watu 583 wakafa, na uchunguzi ulionyesha kwamba kapteni wa ndege ya KLM, rubani mwenye sifa kubwa na mwalimu wa marubani wenzake, alianza kuruka bila kupewa ruhusa, na kwamba fundi wa safari aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka barabarani, akajibiwa kwa mkato na akanyamaza. Tangu hapo kampuni za ndege zilianza kufundisha kile ambacho Waswahili wangekiona kigumu kuliko hisabati za mafuta: mdogo kumpinga mkubwa waziwazi na kwa wakati. Katika jamii ambayo kijana huanza na shikamoo na humwita aliyemzidi umri kwa jina la heshima, rubani msaidizi wa miaka 25 anayeruka na kapteni wa rika la baba yake anahitaji kufundishwa maneno mahususi ya kusema, na kapteni naye anahitaji kufundishwa kuyapokea bila kuona amevunjiwa adabu. Mafunzo haya hurudiwa mara kwa mara katika mashine ya kuigizia urukaji, ambamo hitilafu zisizotakiwa kutokea angani hutengenezwa kwa makusudi, na pengine hiyo ndiyo sehemu ya taaluma hii ambayo wakuu wa taasisi nyingine za nchi wangefaidika kuiazima.

Hatua inayodai nidhamu hiyo zaidi ni kutua. Viwanja vingi vya mikoani havikuwekewa ule mfumo wa redio unaoishusha ndege kwenye mstari ulionyooka hadi karibu kabisa na barabara, hivyo rubani hushuka kwa taratibu zinazompeleka hadi kimo fulani cha chini kilichoandikwa kwenye ramani ya kiwanja, na akifika hapo bila kuiona barabara hana hiari, analazimika kuongeza nguvu ya injini na kupaa tena. Kupaa tena si kushindwa. Ni utaratibu wa kawaida unaofanyiwa mazoezi kama utuaji wenyewe, ingawa abiria anayeona miti ikikaribia kisha ikizama tena mawinguni hudhani ameponea chupuchupu. Watanzania walipata kuyatafakari mambo haya kwa uchungu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, wakati wa hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakapoteza maisha, wakiwemo marubani wote wawili. Uchunguzi wa ajali za namna hii huongozwa na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambacho kinasema lengo lake pekee ni kuzuia ajali nyingine na si kugawa lawama. Hukumu za mitandaoni zilizotolewa siku ile ile, wakati wavuvi na waokoaji wakiwa bado majini, zilikwenda kinyume kabisa na msingi huo.

Upande mwingine wa mkoa, kusini mwa Mpanda, kuna marubani wa aina nyingine wanaostahili kutajwa kwa kirefu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, hupokea watalii wake wengi kwa ndege ndogo aina ya Cessna Caravan zinazotua katika kiwanja cha Ikuu, na ambazo kwa kawaida huunganisha safari hizo na hifadhi ya Mahale kandokando ya Ziwa Tanganyika. Caravan ina injini moja, hubeba abiria wapatao 12, na mara nyingi rubani wake ni mmoja, ambaye ndiye kapteni, msaidizi, mpakiaji na mtoa maelezo ya mikanda ya usalama. Mizigo huruhusiwa kilo chache tu, katika mifuko laini, kwa sababu sanduku gumu halikunjiki kuingia katika tumbo la ndege na kwa sababu kila kilo ina mahali pake pa kukaa ili uzito usielemee mkiani. Katika kiwanja cha hifadhini hakuna mwongoza ndege wa kumwambia rubani kwamba njia ni nyeupe. Rubani hutangaza mwenyewe kwa redio mahali alipo ili wenzake walio karibu wamsikie, hupita kwanza juu ya barabara kwa kimo cha chini akiangalia pundamilia, twiga au nyati, hutazama upepo, kisha huzunguka na kutua. Mvua zikishika, udongo mweusi wa mbuga hunasa matairi, na barabara iliyokuwa ngumu wiki iliyopita huweza kuwa tope, jambo ambalo halionekani vizuri kutoka juu. Safari ya kwenda Mahale humleta kwenye milima ambayo kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462, ikisimama karibu kabisa na ziwa, ambapo upepo unaopanda na kushuka mteremkoni huitikisa ndege ndogo bila taarifa. Akitua, mbung'o huingia kabla ya abiria kutoka. Kabla ya kuondoka hukagua mirija midogo inayopima mwendo wa ndege kwa msukumo wa hewa, kwa kuwa nyigu hupenda kujenga ndani yake, na mrija ulioziba humdanganya rubani kuhusu kasi yake katika dakika ambayo kasi ndiyo uhai.

Marubani wengi wa ndege kubwa walipitia njia hiyo ya viwanja vya udongo, kwa sababu leseni huhesabiwa kwa saa. Kwa viwango vya ICAO leseni ya rubani wa biashara huhitaji saa 200 za urukaji, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa, na leseni ya juu inayomwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria huhitaji saa 1,500. Pengo kati ya tarakimu hizo ni miaka ya kazi, na ndege ndogo za hifadhini ndiko wengi wanakoijaza miaka hiyo. Zamani vijana wa Afrika Mashariki walisomea urubani Soroti, Uganda, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 pamoja na shirika lake la ndege, ndipo Air Tanzania ilipozaliwa, na wengi wakaanza kutafuta mafunzo Ethiopia, Afrika Kusini na Marekani kwa gharama ambazo familia ya mkulima wa tumbaku au mpunga wa Katavi haiwezi kuzifikia. Juhudi za Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kuanzisha mafunzo ya urubani nchini zina maana zaidi kwa mikoa ya aina hii kuliko kwa Dar es Salaam. Leseni yenyewe haidumu bila afya: rubani hupimwa macho, moyo, masikio na akili kila mwaka, na mara mbili kwa mwaka baada ya umri fulani, na anapofikisha miaka 65 haruhusiwi tena kuruka safari za kimataifa za biashara hata akiwa mzima wa chuma.

Linabaki jambo la hitilafu ugenini. Kila ndege ina kitabu ambamo rubani kiongozi huandika kila kasoro aliyoiona, na ina orodha iliyoidhinishwa inayoeleza ni kifaa gani kinaweza kuwa kibovu na ndege ikaendelea kuruka, kwa siku ngapi na kwa masharti gani. Taa moja ya kusomea ikizimika, safari inaendelea; kipimo fulani cha injini kikifa, ndege inabaki chini hadi fundi mwenye leseni aikague na kutia saini. Katika kituo kikuu fundi hufika kwa dakika chache. Mpanda, fundi na kipuri chake huenda wakalazimika kuja kwa ndege nyingine au kwa gari kutoka mbali, na rubani aliyeandika kasoro hiyo anajua wakati anaiandika kwamba abiria 76 watalala mjini, wengine wakiwa wagonjwa wanaokwenda hospitali ya rufaa, na kwamba kama asingeiandika huenda hakuna ambaye angejua. Kampuni makini humlipa mshahara ule ule rubani aliyeandika na hamwiti ofisini kujieleza kwa nini ndege imelala. Isiyo makini haimwambii kitu kwa maandishi, lakini humpangia ratiba mbaya mwezi unaofuata, na hapo ndipo wakaguzi wa TCAA wanapopaswa kusoma kitabu cha kasoro kwa jicho la pili: ndege inayozunguka mikoani miezi mitatu bila kasoro yoyote kuandikwa inahitaji ukaguzi wa haraka kuliko ile iliyoandikwa kila wiki.